Boti ya Bei ya Kiwandani

Jumatatu, 3 Agosti

Mke wangu kanikabidhi bahasha. Milioni sita taslimu, jasho lake la miaka minne ya kuuza vitunguu. Kazi yangu: kununua boti yenye injini, ili Jumamosi ivushe magunia kumi na mawili ng'ambo ya ziwa. Huko kuna mwenye hoteli anayesubiri. Asipopata mzigo siku hiyo, atachukua kwa mwingine. Alitaka kaka yake anisindikize. Shemeji! Mtu anayelipa bei ya kwanza hata akinunua kiberiti. Nikakataa.

Duka la maboti, mchana. Kibao kinasema milioni sita. Maandishi madogo ya chini sikuyasoma. Yamewekwa kuwachosha wanunuzi. Nikacheka kicheko kirefu, kama nilivyopanga, muuzaji ajue sichezewi. Akaniletea maji, akidhani nimepaliwa.

Jumanne, 4 Agosti

Mbinu mpya. Nimevaa suruali yenye madoa ya rangi na kandambili zisizofanana, ili muuzaji anihurumie. Mlinzi hakuniuliza kitu, akanielekeza nyuma kwenye lori, kwa vibarua. Kabla sijapata nafasi ya kujieleza nilikuwa nimeshateremsha boti mbili. Mgongo kwisha! Nikalipwa elfu nane. Muuzaji akapita, akanitambua, akasema kazi ni kazi, mzee.

Lakini kwenye karatasi ya mzigo nimeona siri yake. Boti moja anaichukua kiwandani kwa milioni tatu na nusu. Kumbe hiyo mbili na nusu anatia mfukoni! Sasa nimemshika pabaya.

Jumatano, 5 Agosti

Nimemkabili. Nikamwambia bei ya kiwandani naijua, na sizidishi milioni nne. Akafikiri kidogo, akauliza kama nataka boti tu. Nikamjibu kwa ukali kwamba ndiyo, boti tu, asinibandikie vikorokoro vyake. Akasema sawa.

Alikubali haraka mno. Nikanusa hila, nikatoka kwa kishindo ili aniite. Hakuniita. Nikasubiri nyuma ya kibao saa nzima, jua la utosi. Mwishowe nikarudi ndani kuulizia kofia yangu, ambayo nilikuwa nimeivaa.

Nimelipa milioni tatu na laki tisa. Shemeji atajua hajui.

Ijumaa, 7 Agosti

Boti imeletwa. Nyeupe, inang'aa. Haina injini.

Nikampigia muuzaji simu. Akanieleza kwa upole kwamba bei ya kibao ilikuwa ya boti, injini, makoti ya kuokolea maisha na usajili. Ndivyo yanavyosema yale maandishi ya chini. Injini peke yake ni milioni tatu. Mimi nimebaki na mbili na laki moja. Nikamsihi turudi kwenye bei ya kibao. Akasema biashara haigombi, ila risiti imeshakatwa.

Nimefunika boti kwa turubai upande wa nyuma. Mke wangu akauliza injini iko wapi. Nikamwambia iko humo, isipigwe na vumbi.

Jumamosi, 8 Agosti

Turubai halikusaidia. Shemeji akalifunua mbele ya magunia na majirani. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniudhi. Akauliza tu kwa nini sikutaka kujua jumla ya gharama zote, mpaka boti inaondoka ufukweni.

Akaazima boti ya rafiki yake, ikaivuta yangu kwa kamba: vitunguu ndani, mimi juu ya vitunguu. Mke wangu alikaa kwenye ile ya mbele na hakugeuka hata mara moja. Mzigo ulifika, mwenye hoteli akaupokea. Lakini nilipoutazama mgongo wa mke wangu njia nzima niliona aibu, nakiri. Miaka minne! Tulipoteremka akanyoosha mkono, nikampa bahasha.

Jumapili, 9 Agosti

Bahasha iko kwa shemeji. Kesho asubuhi anakwenda kununua injini. Pengo la laki tisa ataliziba kwa pesa zake. Atalipa bei ya kwanza, bila shaka. Nami nikae nitazame familia ikiibiwa?

Nimefanya uchunguzi. Injini ni vipande vipande, na kila kipande kina bei yake ya kiwandani. Elfu nane zangu za Jumanne ninazo bado, hakuna anayezijua. Nitafika dukani kabla yake.

Naanza na propela.