Koulsoum Ananiita Musyu

Jumatatu, 5 Novemba 1984. Andoany.

Watu wote wanaisimulia vibaya! Jua halijatua na kila baraza lina kisa chake. Eti nimepiga meza ya duka kwa fimbo. Uongo! Nilibisha kwa pete. Pete ya fedha, tena kwa adabu. Ko, ko, ko. "Mchele!" Basi. Fimbo ilikuwa nyumbani imelala. Naandika kwa Kiswahili cha marehemu baba, kwa herufi za Kurani, ndizo pekee nilizosoma. Mke wangu Bahia hazijui. Ukweli nao unataka mahali pa kujificha.

Mimi Oumouri. Mahajanga nzima hakuna aliyeshika mkasi wa kuuza nguo kama mimi. Mwanamke akija kununua uzi, anatoka na doti mbili na shukrani. Niliwahi kumuuzia nahodha koti zito mchana wa jua kali. Akalivaa! Akatoka jasho, akanishukuru!

Sasa leo. Koulsoum, muuzaji wa duka la Kamardine, alikuwa anaongea na bibi mmoja habari za mjukuu mwenye homa. Mimi nina haraka, barazani wananisubiri nimalizie kisa cha papa. Nikabisha. Akageuka. Kipimo chetu cha mchele ni kopo la maziwa. Akalijaza, akalipangusa kwa kiganja. Sawasawa kama sakafu! Siku zote mimi ananipimia na kilima, halafu anatupia konzi moja ya nyongeza. Leo kilima hakuna, konzi hakuna. Akanipa, akasema, "Merci, musyu."

Asante, bwana, kwa Kifaransa! Musyu! Mimi! Tangu tuhame Mahajanga mwaka ule mbaya wa mauaji, tukaja kisiwani hapa, yeye na watu wake, mimi na wangu, ananiita bakoko. Babu. Mji huu mzima ni yeye tu aliyeliona duka langu la vitambaa kule. Alikuwa anakuja na mama yake, mdogo, kichwa hakifiki mezani. Musyu ni mtu wa kodi. Musyu ni mgeni anayeuliza njia!

Bahia kasema niende nikamwombe radhi. Nimecheka mpaka kofia ikaanguka. Atarudi mwenyewe, huyo.

Jumanne, 6 Novemba.

Mpango! Nimehamia kwa Djaffar, duka la kuelekeana. Koulsoum aone, aumie.

Djaffar ana redio. Ukiwa na redio huhitaji wateja. Nimempa salamu kamili, na habari za marehemu baba yake juu. Hakuinua uso. Akanipa sabuni. Nilitaka mchele! Nikasema tena. Akanipimia huku anasikiliza mpira, nusu ikamwagika chini, akaizoa na mchanga wake akanitilia.

Nikapita mbele ya Koulsoum taratibu, kikapu nimejitwika kichwani asije akakikosa. Akatoka mlangoni. Akanitakia siku njema. "Siku njema, musyu." Kwa upole! Na tabasamu! Mtu akikutukana unajua pa kushika. Huyu ananipiga kwa adabu, nishike wapi?

Chakula cha jioni kilikuwa kokoto. Bahia kauliza kama wali huu nimeununua au nimeuchimba barabarani.

Jumatano, 7 Novemba.

Usiku nimewaza, asubuhi nimeamka mtu mwingine. Kweli kabisa, mtu mwingine. Miwani nyeusi. Kanzu ya Ijumaa. Sauti ya puani. Mimi ni tajiri wa Mahajanga, nimeshuka leo.

Akili iko hivi. Namsalimia kama mgeni, vizuri mno. Analainika. Ananipa kilima na konzi. Navua miwani. Ha!

Nikamsalimia kwa Kibuki, lugha ya hapa, kwa kituo, nikauliza nyumba, watoto, afya ya mguu wake unaomsumbua. Mgeni gani anajua mguu wake? Sikufikiri. Yeye akajibu kila kitu. Akauliza safari ilikuwaje. Nikasema pale bandarini Antsahampano bahari ilichafuka, nusura tuzame, mimi ndiye niliyeshika usukani. Akasema alhamdulillah. Akajaza kopo. Roho yangu juu. Akapangusa! Sawasawa!

"Merci, musyu. Na umwambie Bahia ndara zake zinakupendeza."

Nikatazama chini. Maua mekundu.

Wanawake dukani walicheka, mmoja ikabidi akae juu ya gunia. Bahia anataka ndara zake zioshwe.

Alhamisi, 8 Novemba.

Zawadi! Nilichelewaje kukumbuka? Mpwa wangu wa kiwanda cha manukato ya langilangi kanipa chupa ya mafuta. Tone moja linanukia mpaka kesho. Nitaiweka mezani kimya kimya, Koulsoum aikute, ajiulize, moyo uyeyuke.

Nikangoja aingie stoo. Nikaingia. Nikanyoosha mkono. Kizibo hakikukaza. Mkono nao, sijui, uzee au haraka. Chupa ikalala juu ya gunia la mchele lililo wazi. Glu, glu, glu. Nikaiokoa ikiwa na kidogo chini.

Sikukaa kutazama.

Ijumaa, 9 Novemba.

Nimetoka msikitini nikakuta duka limejaa, na sauti juu. Mchele wa jana unarudishwa! Mji wote unanukia langilangi, Koulsoum alipoupima hakushtuka. Mmoja anasema wali wake unanuka bibi harusi. Mwingine, mume kamuuliza alikuwa wapi na nani. Bwana mmoja akamwita Koulsoum mwizi, akalitupa kopo chini.

Koulsoum akainama. Akaliokota. Akalifuta kwa pindo la leso. "Samahani, kaka." Kila mtu anamwambia samahani, mama, samahani, kaka, na uso mzuri. Lakini mkono wake uliendelea kulifuta kopo lililokwisha kuwa safi. Nikamsikia akimnong'oneza bibi yule wa mjukuu kwamba Kamardine anarudi alasiri kwa mashua, akilikuta gunia limeharibika atamfukuza kazi. Kwamba alishasema, kosa moja tu.

Mkono ule! Ule unaonitupia konzi.

Miguu ikanipeleka yenyewe nyuma ya meza. Nikapiga makofi. Nikasema chupa ya mafuta iliyomwagika ni yangu, mwenye matusi aniletee mimi, nina ndevu nyingi, yatajificha humo. Wakanigeukia. Mtu akigeuka, Oumouri anauza! Nikawaambia huu si mchele ulioharibika, ni mchele uliovaa. Nani ana harusi? Nani ana mgeni? Nani kagombana na mkewe jana? Wewe, kofia ya kijani, usiangalie pembeni! Mama mmoja mwenye harusi Jumapili akacheka, akachukua nusu gunia. Hapo wakaanza kusukumana.

Nikawa napima, na huku namsikiliza bibi, maana mjukuu kapoa, jana kaomba ndizi. Nataka kujua kama kazila. Mara, ko, ko, ko! Bwana mmoja na funguo zake. "Mchele!"

Wallahi, mkono wangu ulilipangusa kopo wenyewe. Sawasawa kama sakafu. Na mdomo wangu nikausikia ukisema, "Merci, musyu."

Koulsoum akanitazama. Halafu kicheko, kicheko cha kushika meza. Akanikumbusha kwamba siku moja Mahajanga mama yake aliingia dukani kwangu kwa pupa, akaamuru kitambaa bila salamu. Mimi nikauweka mkasi chini, nikamwambia mkasi huu hauamki bila salamu. Walipokwisha salimiana nami vizuri, nikapima, nikaongeza shibiri moja ya bure. Akasema konzi yake ilizaliwa pale, kwenye shibiri ile.

Mimi nimesahau! Lakini inafanana na mimi.

Kamardine kafika, gunia tupu. Kauliza kama tunaweza kuharibu jingine. Na Koulsoum akaniita mbele ya watu wote, kwa sauti kubwa, "Bakoko!" Walisikia mpaka Katsepy, ng'ambo ya Mahajanga!

Jumapili, 11 Novemba.

Asubuhi, mkate. Kwa Chamsia. Alikuwa anazungumza na mtu, mazungumzo hayaishi, na mimi nina haraka, harusini kuna pilau inayonukia. Nikabisha kwa pete. Ko, ko, ko. "Mkate!" Kanipa wa jana, mgumu kama kokoto za Djaffar. "Merci, musyu."

Wanawake wa mji huu wana nini? Wivu tu. Wanajua nimesifiwa kwa Kamardine. Lakini chupa bado ina kidogo chini, na unga wa Chamsia hukaa wazi. Tutaonana. Ndara Bahia kazificha.

Jambo moja, kwa kuwa hakuna anayesoma. Ile "Bakoko" ya Ijumaa. Haikuwa mbele ya watu. Watu walikwisha ondoka. Nilikuwa nimeshageuka, mguu mmoja barabarani, kopo langu mkononi lina kilima. Aliisema chini, polepole, kama mtu anayeonja chai kama bado ya moto. Katsepy hawakusikia kitu. Hata Kamardine hakusikia.

Mimi nilisikia. Nikajifanya sikusikia, ili aseme tena.

Akasema tena.