Jezi ya Ng'ambo

Ijumaa, 1 Agosti

Salaale! Klabu kubwa ya ng'ambo inakuja mtaani kwetu! Si klabu yenyewe, kambi yake. Wiki nzima ya mafunzo ya watoto, jezi yenye nembo, cheti, na mwishoni wateule watapelekwa ng'ambo. Pamoja na mzazi! Mzazi huyo namjua. Nimejitazama kwenye kioo cha wateja nikiwa nimevaa koti nililomshonea bwana harusi ambaye hajaja kulichukua. Limenikaa vizuri kuliko litakavyomkaa yeye.

Binti yangu ni kipa. Mtaa mzima unamwita Sumaku. Anafundishwa na Kocha Filimbi kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya soko. Bure! Bure itamfikisha wapi? Mke wangu ameuliza hiyo kambi ina faida gani. Nikamwambia ina nembo. Akauliza tena. Nikamwambia tena.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimeona ada. Nimekaa chini. Nimenyanyuka, nimeiona tena, nimekaa tena.

Ningeacha. Lakini shemeji yangu, muuza nyama, ameshamwandikisha mwanawe, na anatangaza buchani kwamba kambi si ya watoto wa mafundi nguo. Eti! Nimeuza cherehani ya kudarizi. Pale ilipokuwa nimeweka boksi na kulifunika kitambaa. Mke wangu hajui.

Sumaku ameniuliza fainali ya mtaa itakuwaje. Ni Jumamosi ijayo, saa ileile ya kufunga kambi. Nimemwambia fainali za vumbini zipo kila mwaka. Hakula. Roho imeniuma, lakini baba wa mchezaji wa kimataifa lazima ajikaze.

Jumatatu, 4 Agosti

Jamani! Jamani!

Wazazi tumejipanga kwenye uzio tukimsubiri kocha wa ng'ambo. Mlango wa chumba cha kubadilishia nguo ukafunguliwa. Akatoka mtu, jezi inang'aa, filimbi shingoni. Kocha Filimbi! Yuleyule, akichechemea kwa lile goti lake bovu!

Nilimvuta pembeni. Akasema klabu haileti makocha, inaleta nembo. Yeye wamemkodi kwa wiki moja. Akanishangaa na yeye: nimelipa ili Sumaku afundishwe yale anayofundishwa kila jioni? Nikamwomba apunguze sauti, maana shemeji alikuwa karibu. Shemeji mwenyewe alikuwa mdomo wazi. Tuliangaliana, tukatabasamu kama watu waliokuwa wakijua tangu mwanzo.

Jumanne, 5 Agosti

Angalau jezi. Nimeitundika dukani asubuhi kabla binti hajaivaa. Nimewaonyesha wateja mshono: huu ndio mkono wa ng'ambo, sisi wa hapa tunalipualipua tu. Mteja mmoja alinisikiliza kwa makini, akachukua kitambaa chake, akaenda kwa fundi mwingine.

Jioni mke wangu ameifua. Akaigeuza ndani nje, akaniita. Nikaenda. Kwenye pindo la chini, ndani, kuna uzi wa kijani umepishana.

Lahaula! Uzi wa kijani ni alama yangu! Naitia kila nguo, ili mtu asiniletee kazi mbovu ya mwingine akidai nimeshona mimi. Nimekumbuka: yule wakala wa kambi aliyepokea ada yangu! Mwezi uliopita aliniagiza fulana tupu, akasema ni za shule. Wamebandika nembo tu. Nimenunua kazi ya mikono yangu mwenyewe, tena bila hata kuomba punguzo!

Mke wangu alicheka mpaka akakalia ndoo. Halafu akauliza mbona siku hizi hasikii cherehani ya kudarizi. Hakucheka tena.

Alhamisi, 7 Agosti

Sumaku kachaguliwa! Ng'ambo! Wakala kanipa habari mwenyewe, kwa mkono wa pongezi!

Nimetoka mbio kwenda kumkata maini shemeji. Nimekutana naye katikati ya njia, anakuja mbio kwangu. Mwanawe kachaguliwa pia. Mwanawe, aliyejifunga jana! Tukauliza wengine. Wamechaguliwa wote. Hata mtoto mwenye mguu wa plasta, aliyekuja kumsindikiza dada yake!

Nauli juu ya mzazi. Nimemuuliza wakala kama huko binti atacheza. Akasema atapigwa picha. Uwanjani? Karibu na uwanja. Halafu watapelekwa duka la klabu.

Nimemfuata Kocha Filimbi nikitaka ukweli. Amenipa, ingawa nilitaka mwingine. Akasema kwa aliyejaliwa fedha ni matembezi mazuri, mtoto ataona dunia. Lakini hakuna atakayemsajili mtu kule. Akaongeza kwamba Jumamosi timu yake haina kipa, na yeye hatakuwepo kambini, atakuwa fainalini. Nimemwambia nitafikiria.

Nimefikiria. Jumamosi ni kambini. Wanaogawa vyeti ndio wanaopanga safari. Na lile koti linanikaa.

Jumamosi, 9 Agosti

Sumaku alitangulia na mama yake. Mimi nilichelewa kwa sababu ya koti. Nafika kambini: kocha hayupo. Nusu ya watoto hawapo. Sumaku hayupo! Nikajua atakuja. Jina lake likaitwa, nikapokea cheti mimi. La mwana wa shemeji likaitwa, akapokea shemeji. Tukapigwa picha, wanaume wazima wawili na vyeti vya watoto.

Ndipo nyuma ya soko ukapigwa ukelele. Mkubwa! Ukafuata mwingine. Tuliangaliana na shemeji, tukatimua mbio.

Tulikuta wamembeba binti yangu juu juu. Kadaka penalti ya mwisho! Kombe ni letu! Mke wangu hakuwa na sauti hata ya kunigombeza. Muuza nyanya alijirusha vumbini kunionyesha alivyodaka, akarudia kwa wasioona vizuri. Nililia. Sioni aibu kuandika, nililia na koti la watu.

Sumaku akaja, magoti yanachuruzika damu, anacheka. Akaniuliza kama nimemwona. Nikasema nimemwona. Akauliza alirukia upande gani. Nikasema kulia.

Kumbe alirukia kushoto.

Alivua glavu, akampa mama yake azishike.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeapa. Sitaki kusikia kambi, nembo, wala ng'ambo. Jumamosi ijayo timu inacheza tena, na nimemwahidi Sumaku nitakuwa nyuma ya goli lake tangu filimbi ya kwanza. Amenitazama, akasema sawa, baba. Moyo umenitulia.

Mchana wakala amepita dukani. Kumbe kuna kambi ya wazazi! Klabu nyingine, kubwa zaidi. Inafundisha namna ya kulea nyota, na wazazi wateule watapelekwa ng'ambo bila hata watoto. Ni siku moja tu, Jumamosi. Shemeji bado hajasikia! Jezi zake, wakala ameapa, safari hii ni za ng'ambo kweli. Ameniomba nizimalize kabla ya Ijumaa.

Imebaki cherehani moja. Nikizimaliza, itakuwa haina kazi, na ada lazima itoke mahali.

Nimemwambia Sumaku nitawahi kipindi cha pili.