Bibi Marehemu Aninyang'anya Msemo

Jumatatu, 3 Machi

Leo ni sikukuu ya kula maandazi ya krimu. Nimekula mengi mno na bado nina kinyongo.

Bergsveinn, mwenyekiti wa kamati yetu ya kutafutia Kiaislandi maneno mapya, ametangaza jambo leo tukiwa kwenye dimbwi la maji moto, maji yamemfika kidevuni. Kile kitabu kinene cha Kiingereza kuhusu uchunguzi wa ajali za meli kitatafsiriwa na mtu mmoja tu. Ama mimi, ama mfasiri mwenzangu Steinvör. Miaka ya kazi ya heshima! Mimi hivi sasa natafsiri maelezo ya dawa ya minyoo ya farasi.

Kitabu chote ni sababu tupu. Kutokana na hili, kwa kuchangiwa na lile, ikiwa ni matokeo ya lile jingine. Waingereza wana msemo kwa kila aina ya sababu. Mgumu kuliko yote ni ule wa sababu ya chini kabisa, iliyozaa nyingine zote. Atakayeleta tafsiri yake nzuri ya Kiaislandi kufikia Jumatatu ijayo, kitabu ni chake.

Ninao! Niliutunga wiki iliyopita nikipiga mswaki. "Lango lililoachwa wazi." Hapa kila mtu ana kondoo, au ana mjomba mwenye kondoo. Wakishatawanyika mlimani, swali huwa moja tu: nani aliacha lango wazi? Nikafungua mdomo niuseme. Hapo hapo Bergsveinn akaongeza kwamba amechoshwa na misemo ya kutungwa mezani. Anataka ule ambao watu wetu walikuwa nao tangu zamani.

Nikafunga mdomo. Nilikuwa nimechelewa, maji yalishaingia.

Jumanne, 4 Machi

Leo ni zamu ya sikukuu ya nyama ya chumvi na njegere. Na mpango!

Msemo wangu ni mpya? Basi uzeeke. Kuna kipindi cha redio ambapo watu hupiga simu kueleza bibi zao walivyokuwa wakisema. Kamati nzima hukisikiliza kwa makini, kama wavuvi wanavyosikiliza habari za upepo. Nimempigia Shangazi Ingveldur, anayefuga kondoo kule kaskazini. Bonde zima linajua kwamba hasemi uongo. Nikamwomba awaambie kwamba Bibi, yaani mama yake, alikuwa akiutumia msemo huu.

Alikataa. Alisema hajawahi kumdanganya hata mchungaji wa kanisa, na huyo anastahili. Nikamweleza habari za minyoo ya farasi. Akauliza kama mke wangu anajua kwamba ndiyo kazi yangu. Mwishowe amekubali, kwa sharti kwamba vuli nitakwenda kukusanya kondoo, na safari hii nisiumwe mgongo.

Jumatano, 5 Machi

Nimeduwaa. Nilimwomba sentensi moja. Shangazi ameongea hadi wakaahirisha taarifa ya habari!

Bibi dirishani, unga mikononi. Babu anarudi na mashua iliyotoboka, kila mtu analaumu mwamba, Bibi anauliza kwa upole lango liliachwa wazi wapi. Mtangazaji alipenga kamasi hewani. Nami nililia, jikoni, mbele ya watoto wa jirani waliovaa kama maharamia na kuja kuimba wapewe peremende, kama ilivyo desturi ya siku hii. Ilibidi nijikumbushe kwamba msemo nimeutunga mimi, bafuni.

Alhamisi, 6 Machi

Jamani! Simu hazikatiki kule redioni.

Mzee wa ghuba za mashariki anasema bibi yake alikuwa akiusema kabla bibi yangu hajazaliwa. Mama mmoja wa ghuba za magharibi anasema sisi sote ni wezi, msemo ni wa kwao, na tena tumeukata nusu. Wenyewe, anasema, ni "lango lililoachwa wazi na mbwa amelala."

Mbwa! Sikutunga mbwa yeyote! Kibaya zaidi, ukiwa na mbwa ni mtamu kuliko wangu. Nimekaa na wivu juu ya mbwa siku nzima.

Jumamosi, 8 Machi

Dimbwini hapakuwa na mazungumzo mengine. Hata watu waliokuwa wakioga kabla ya kuingia walikuwa wakibishana, uchi, kuhusu ghuba ipi ni yenye haki. Steinvör hakuwepo. Nikajua amekata tamaa.

Kumbe! Kaka yake ameniambia kwamba amechukua kinasa sauti na kuondoka na gari katikati ya dhoruba. Anawatembelea wote waliopiga simu, anakunywa kahawa yao, anarekodi. Nimecheka hadi nikakohoa. Mjinga yule ananithibitishia msemo wangu bure.

Jumatatu, 10 Machi

Kamati imeukubali msemo, kwa mbwa wake na yote, bila mtu hata mmoja kupinga. Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti. Bergsveinn akanipita akaenda kumpa mkono Steinvör. Yeye ndiye aliyeukusanya kutoka vinywani mwa watu, ghuba hadi ghuba. Kitabu ni chake. Mimi nimeshukuriwa kwa kuwa na shangazi.

Nikapiga kelele kwamba ni wangu! Kwamba niliutunga nikipiga mswaki! Bergsveinn akaongea chini chini, kama msibani.

"Isleifur, kaa chini. Bibi zetu wamekufa. Hawawezi kujitetea."

Nikampigia Shangazi hapo hapo, kwa spika, kila mtu asikie. Nikamwambia aseme ukweli.

"Ukweli ndio niliousema, mwanangu," akajibu. "Mwanzo nilidhani nakufanyia hisani tu. Lakini nilipoanza kuongea nikamwona Mama pale dirishani, na unga wake. Miaka yote hii sikuweza hata kuikumbuka sauti yake. Sasa nimeipata. Unataka nimwite mwongo kwa ajili ya minyoo ya farasi?"

Steinvör alinimiminia kahawa na kunipa kipande kikubwa cha keki. Hilo sitamsamehe.

Jumapili, 16 Machi

Nimefanya uchunguzi kamili wa kushindwa kwangu. Sababu ya kwanza ni Shangazi, ana kumbukumbu nyingi mno. Ya pili ni mama wa ghuba za magharibi. Ya tatu ni dhoruba, haikuwa kali vya kutosha kufunga barabara. Nimetafuta ya nne, sikuiona.

Kinabaki kitabu kingine, cha ajali za ndege, ambacho bado hakina mfasiri. Safari hii sikosei. Nimetunga msemo wa sababu inayochangia tu: "mkono wa pili kwenye kamba." Mzuri kupita kiasi! Na nimepata shahidi kamili, Bibi Sólborg, bibi wa mke wangu, aliye kwenye nyumba ya wazee. Hakumbuki kitu chochote, kwa hiyo hawezi kuongeza mbwa.

Nimemfundisha mchana wote, kwa chapati nyembamba za sukari. Mwishoni alikuwa akiusema vizuri sana, macho yakiwa mbali, kama kweli aliusikia utotoni. Kisha akaniomba nimsogezee kiti karibu na mlango, anamngojea mgeni wake wa Jumapili. Msichana mwema, anasema, huja na chokoleti na kinasa sauti. Anaitwa Steinvör.

Nikashika koti niondoke. Kisha nikafikiri vizuri. Nimemsihi Bibi Sólborg amwambie na yeye pia, polepole, neno kwa neno. Mashahidi watakuwa wawili.