Zoezi la Dharura kwa Bi. Wolterink

Jumatano, 29 Januari

Siku ya kwanza ya mazoezi ya kazi. Kiwanda kidogo cha mikate mikavu, cha Bi. Wolterink. Shule imetuma wawili, mimi na Fenna. Baadaye kuna kazi ya malipo kila Jumamosi, ya mmoja tu, na bosi atachagua Jumanne ijayo. Naitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote. Fenna kapewa kupanga mikate kwenye bati, na kasifiwa kabla hata ya kahawa. Mimi nimepewa ufagio. Ufagio!

Nimefagia kwa hasira mpaka nikafika mlango wa dharura. Umezibwa na magunia ya unga. Nikamweleza Bi. Wolterink, kwa adabu, kwamba siku pakiwaka moto tutaiva kuliko mikate. Akakiri kuwa mkaguzi yuko njiani na hawana mpango wowote wa kutoka. Nikajitolea kuuandaa. Akakubali! Fenna alichekea ndani ya kikombe. Na acheke.

Alhamisi, 30 Januari

Nimechora ramani. Mishale ya kijani, mistari iliyonyooka. Mahali pa kukusanyika: banda la baiskeli. Nikaibandika ukutani. Mzee Gait, mwokaji wa siku nyingi, akaisoma huku akitafuna.

"Binti, umetupeleka kwenye baiskeli?"

Nikamwambia ndiyo, maana ni karibu.

"Asante sana. Mimi nikishaishika baiskeli yangu, hiyo ni safari ya nyumbani."

Wakacheka wote. Fenna akasema yeye angepitia dukani kwanza. Nimehamishia mkusanyiko bustanini. Nimekasirika hadi nimevunja rula.

Ijumaa, 31 Januari

Bosi anataka zoezi la kushtukiza. Kengele ya jengo ni mbovu. Fenna akapendekeza tugonge bati. Nikamuuliza, mbele ya bosi, mahali ambapo bati zinagongwa kutwa nani atajua kwamba hii ni ya hatari. Bosi akaafiki. Ushindi! Fenna akarudi kwenye bati zake.

Babu yangu ana king'ora cha kuzungusha kwa mkono, tangu enzi zake za kuwa zimamoto wa kujitolea. Kinalia sawasawa na kile cha kijiji. Kamili! Nimechagua Jumatatu, saa sita mchana, wakati wote wako mezani. Sijamwambia mtu.

Jumatatu, 3 Februari

Siwezi kuandika bila kusaga meno.

Mzee Gait kapata mjukuu wa kike, kwa hiyo mezani kulikuwa na mikate mikavu yenye siagi na vipunje vya sukari vya rangi ya waridi, kama desturi yetu akizaliwa mtoto wa kike. Wote wapo. Nikajificha nje ya dirisha. Saa sita kamili nikazungusha. Nchi nzima ikalia pamoja nami.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi! Kila Jumatatu ya kwanza, saa sita mchana, serikali hujaribu ving'ora vyake vyote. Najua. Najua tangu chekechea! Nilikuwa na mambo mengi kichwani.

Hakuna aliyeinua macho. Nikaingia mbio, nikapaza sauti kwamba ni dharura, watoke.

"Ni majaribio tu, Jenneke," akasema Bi. Wolterink, mdomo umejaa. "Kaa ule."

"Najua ni majaribio! Ni majaribio yangu!"

Mzee Gait akaniambia nisijipe ukubwa, ni ya serikali. Fenna akanipakia mkate siagi. Kwa upole. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Alasiri nikamkuta Fenna akihamisha magunia kutoka mlango wa dharura. Hakuna aliyemtuma. Jambo hilo nilikuwa nimeliandika kwenye mpango, kwa wino mwekundu! Yeye hata hajausoma.

Jumanne, 4 Februari

Kachaguliwa Fenna. Nimempa mkono. Kisha nimelia chooni, kidogo.

Lakini Bi. Wolterink kasema mkesha wa Pasaka watahitaji mikono zaidi, nije hiyo jioni moja. Huenda nafasi ya pili ikapatikana. Huenda!

Nimetafakari kwa makini. Kosa lilikuwa sauti. Katika nchi hii sauti haiaminiki. Safari ijayo natumia moshi. Na siku imejichagua yenyewe: jioni hiyo hiyo ya mkesha, wakati kijiji kizima kitakuwa nyuma ya kiwanda kikiwasha ule moto mkubwa wa Pasaka, kama kila mwaka. Wafanyakazi wote watakuwepo, na zimamoto karibu. Moshi wataunusa tu. Safari hii hawatakuwa na kisingizio.