Uzinduzi wa Stesheni ya Ziwani, Lupepo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye gari lake limenasa kwenye tope huko Igogwe na kwa hiyo yuko nasi kiroho, waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Kudumu ya Muda ya Reli ya Tawi, wake wa waheshimiwa, wachungaji, masheikh, wazee wetu, wafanyabiashara wa Tukuyu mkiongozwa na Bwana Kheri, aliyetuazima turubai hili, wananchi, na mimi mwenyewe, Katibu Mtendaji Fred, ambaye bila juhudi zake nisingekuwa hapa: mugonile! (Wananchi: "Ndaga!")

Ndugu wananchi, katika zama hizi za soko huria, ambapo serikali imejitoa kwenye biashara ili kutengeneza mazingira wezeshi kwa stekiholda wote, tuliketi, tukaketi tena, kwenye semina elekezi huko Dar es Salaam, maana huku kwetu hakuna hoteli yenye kuruhusu fikra pana, tukaazimia kwa kauli moja na posho mbili kwamba reli kubwa itoe tawi, tawi lishuke Tukuyu, na hapa Lupepo isimame stesheni ya kuuhudumia mji wa watalii ulioko ufukweni mwa Ziwa Nyasa. (Vigelegele vya akina mama wawili wa mbele, walioletwa na gari la Kamati.) Najua wapo wapinga maendeleo watakaouliza mbona ziwa lenyewe halionekani hapa. Linaonekana! Linahitaji tu siku isiyo na mvua wala ukungu, na siku hiyo imo katika awamu ya pili. (Kicheko.)

Kuhusu utekelezaji: uhamasishaji umefikia asilimia mia, matarajio asilimia tisini na tano, na ufyekaji wa migomba asilimia mia na kumi, kwa maana tulifyeka hadi ramani ikaisha nasi tukaendelea. Hapa namtambua kwa namna ya pekee Mama Atuganile, mwenye shamba hili tulimosimama, ambaye kwa uzalendo wa hali ya juu aliiachia migomba yake yote, hata ile iliyolifunika kaburi la marehemu mumewe, Mzee Ambindwile, aliyezikwa hapa nyumbani kwake kama desturi yetu ilivyo, na ambaye leo, ndugu zangu, amelala platifomu namba moja, upande wa daraja la kwanza! Hapo ilitakiwa mpige makofi.

(Mama Atuganile anasimama: "Mwanangu, mvua zimeshaanza. Treni inakuja, au nipande migomba yangu? Nina wajukuu, wanakula.")

Swali zuri sana, mama, na nitalijibu kwa upana wake. Suala la ujio wa treni ni mtambuka, lina vihatarishi, lina fursa, lina wafadhili ambao tayari wameonyesha nia ya kuonyesha nia, na mimi binafsi sijalala usingizi kwa ajili yenu, isipokuwa kwenye semina. (Mama Atuganile anaondoka.) Naona mama ameridhika! (Mama Atuganile anarudi na jembe, na machipukizi ya migomba kichwani.) Na sasa anajitolea kusawazisha eneo, mnaona ushirikishwaji huo? Lakini mama, hapo ni njia ya reli. Mama! Mgambo Jotham, hebu mzuie mama. (Mgambo Jotham anamwendea, anaweka rungu chini, anapokea jembe, anachimba.) Jotham! (Watu wanainuka. "Mama mzima apande peke yake tukimtazama?" Wengine wanakimbilia mashambani kwao, wanarudi na machipukizi mabegani.)

Ndugu wananchi, kaeni chini, itifaki haijafika huko! Mkipanda migomba kwenye reli, treni itapita wapi?

(Sauti: "Treni gani, Katibu?")

Treni ya... Kwa moyo wa uwazi, naomba ieleweke kwamba reli kubwa yenyewe bado haijajulishwa kuwa ina tawi. Upembuzi yakinifu ulifanyika, mimi na dereva wangu tulipita hapa tukitafuta parachichi. Fedha nazo zilikuwepo, zikaishia kwenye semina ya kutafuta fedha. Reli oyee! Utalii juu! (Majembe tu yanasikika.) Migomba... oyee? (Wananchi: "Oyeee!") Bwana Kheri, usifungue kamba kwanza, mvua inanyesha! (Turubai linashushwa.)

Basi, kwa kuwa nalowa, nawashukuru kwa kuja kuizindua stesheni hii ambayo haijawahi kuwepo, na nakushukuru wewe, mama, kwa kuitolea kila kitu.

(Mama Atuganile, chipukizi la mwisho mkononi: "Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Sasa sogea. Umesimama juu ya mume wangu.")