Mama Wakio Amenizidi Wafuasi

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nimeandika maoni mazito katika kundi la Facebook la Mjadala Voi: kiboko kirudi shuleni, baba awe kichwa cha nyumba, serikali iache kufunzwa ulezi na wageni. Aliyependa ni mmoja. Mimi. Kisha akaingia Kiilu, muuza spea za pikipiki ambaye duka lake linatazamana na duka langu la magodoro. Ameandika kwamba Obadiah, yaani mimi, hajawahi kuchapa chochote isipokuwa vumbi la godoro. Kundi zima limecheka. Wajinga!

Jumamosi kuna mdahalo wa kiboko katika ukumbi wa kanisa. Mzee Donald, mwenyekiti wa kundi, anatafuta msemaji wa upande wetu, sisi tunaoshika ya zamani. Nafasi hiyo ni yangu. Ninachokosa ni watu wa kunisifu.

Nimepata wazo! Nimefungua akaunti ya mwanamke. Mama Wakio wa Mbololo, mkulima, mcha Mungu. Picha: shamba la mahindi. Kiilu hawezi kumkejeli mama wa watu.

Jumanne, 9 Septemba

Ajabu! Mama Wakio amesimulia jinsi mama yake alivyokuwa akimtazama tu, kijiko kikamponyoka mkononi kwa adabu. Watu wamelia. Watu wa Taveta na Mwatate wameomba urafiki. Hata Kiilu: "Mama, sikubaliani nawe, lakini nakuheshimu." Mimi hajawahi kuniheshimu hata kwa bahati mbaya.

Mama akamalizia kwa kusema kwamba mwenye hekima kuliko wote Voi ni Obadiah. Hakuna aliyeliokota neno hilo.

Alhamisi, 11 Septemba

Balaa. Mzee Donald amenipigia simu. Msemaji amepatikana: Mama Wakio! Mimi nitapanga viti. Nikasema huenda mama huyo ni mtu wa haya. Akasema haya ndiyo inayonipungukia mimi.

Lazima huyu mwanamke aangushwe. Nimemvamia kwa jina langu mwenyewe: kutwa yuko kwenye simu, kwake nani anapika? Loo! Kundi limenirukia kama nyuki. Wa kwanza kumtetea, Kiilu. Nikaingia kama Mama Wakio, nikamsamehe Obadiah mbele ya watu wote. Nikasifiwa sana. Yaani, akasifiwa. Jioni Mzee Donald akanitoa kundini. Nimefukuzwa kwa kumtukana mtu ambaye ni mimi!

Ijumaa, 12 Septemba

Nilikuwa sebuleni, mke wangu Peris jikoni. Mama Wakio akapata ujumbe. Kutoka kwa Peris! Anamwomba Mama radhi kwa matusi ya mumewe. Anasema si mtu mbaya. Ila huieleza Voi nzima habari za familia, kisha huja mezani akala macho yakiwa kwenye simu. Angependa siku moja aulizwe ameshindaje. Afanye nini?

Ningeweza kuinuka nikaenda kumuuliza ameshindaje. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Badala yake Mama Wakio akajibu: vumilia, mwanangu, wanaume wenye hekima wana mawazo mengi.

Jibu likaja papo hapo: "Asante, Mama. Ukimaliza kuandika njoo ule, kimanga kinapoa."

Nikaenda. Ningefanyaje? Peris anajua tangu Jumanne. Kisa cha kijiko ni cha mama yake mzazi, alinisimulia tulipokuwa wachumba. Nilidhani atanifokea. Akasema alifurahi kugundua kwamba siku ile nilikuwa nikimsikiliza. Hilo limenichoma kuliko maneno yote ya Kiilu. Kisha akanitaka nimwambie Mzee Donald ukweli kabla ya mdahalo. Nimekubali.

Jumamosi, 13 Septemba

Mzee Donald ameandikiwa. Si ukweli hasa. Mama Wakio ndiye aliyemwandikia: ameugua, anaomba Obadiah amwakilishe. Mpango safi!

Sikujua watu wana upendo kiasi hicho. Akina mama wa kanisa walibeba unga na ndizi, wakapanda Mbololo kumwona mgonjwa. Kiilu akawatangulia kwa pikipiki. Wamebisha nyumba kwa nyumba. Akina Mama Wakio ni wengi huko. Wote wazima.

Ukumbini nikashika maikrofoni. Nikajitambulisha kuwa msemaji wa Mama Wakio. Mzee Donald akaninyang'anya: aliyemtukana hawezi kumsemea. Ukumbi ukanizomea. Ndipo Peris akasimama kule nyuma. Nikajua nimekwisha.

Hakunitaja. Alieleza habari za mama yake. "Hakuwahi kushika kiboko," akasema. "Alitutazama. Kila siku alitutazama. Mtoto anayetazamwa anajua ana mtu." Upande wa kiboko ukapiga makofi, upande wa pili pia. Kiilu, vumbi la Mbololo hadi kwenye kope, akasimama kumpigia. Mimi nilikuwa nimekumbatia kiti. Macho yakanilowa. Vumbi la Kiilu hilo, bila shaka.

Jumapili, 14 Septemba

Peris ameomba baada ya ibada tutembee hadi kwa dada yake, bila simu, tuzungumze. Nimekubali kwa moyo mweupe.

Wakati anavaa, nimetafakari makosa yangu. Nimeona ni moja tu: Mama Wakio hakuwa na mume. Mwanamke asiye na mwenyewe huzua maswali, na watu wakampelekea ndizi. Nimefungua akaunti ya Baba Wakio. Picha: shamba lile lile, limepigwa kutoka upande wa pili. Ametangaza kwamba mkewe amepata nafuu, ameshukuru kanisa, na amesikitika kusikia kwamba mtu wa maana kama Obadiah ametolewa kundini.

Peris ameita kutoka mlangoni. Nimejibu naja. Ameita tena. Sasa haiti. Nimechungulia dirishani: yuko barabarani peke yake, anatembea polepole kama mtu anayetaka kufikiwa.

Nitamfikia. Lakini Kiilu ameandika: "Shikamoo Baba Wakio. Huyo Obadiah una hakika naye?"

Siwezi kuliacha hilo hivi hivi.