Ushuhuda Wangu wa Chesi

Leo nimeumbuka. Tena kanisani, tena kwa projekta.

Jana nilikuwa bingwa. Kule Mbumbuni kulikuwa na mashindano ya chesi ya kompyuta: kila mtu analeta programu aliyoiandika mwenyewe, zinapambana zenyewe, sisi tunakaa tukila njugu. Yangu inaitwa Mutongoi, yaani kiongozi (jina lilitangulia, programu ikafuata). Mechi ya kwanza, laptop ya mpinzani ilizimika ikakataa kuwaka. Ya pili, stima ikapotea, na betri ya laptop ya mpinzani ilikuwa imekufa kitambo. Fainali, programu ya Ndanu ilikuwa karibu kunimaliza, lakini ikafikiria mpaka saa yake ikaisha. Kombe likawa langu! Sikuwa nimefunga mfalme wa mtu yeyote.

Leo hapa Tawa, pasta akaniita nitoe ushuhuda. Nilijua sababu. Kanisa linatafuta mwalimu wa darasa la kompyuta, na kazi hiyo naitaka sana, nimekaa nyumbani vya kutosha. Ushuhuda kwetu una utaratibu: unasalimia, unamrudishia Mungu utukufu, unaketi. Mimi nikasalimia vizuri. Halafu maikrofoni ikanilevya.

"Kuna watu wanasema nilishinda kwa bahati," nikasema. "Bahati hakuna! Hii ni akili!"

Hata amina moja ya huruma sikupata. (Mungu sikumtaja. Nilikumbuka baadaye.)

Pasta akatabasamu. "Basi wacha tuone hiyo akili. Ndanu, weka kwa projekta."

Ndanu ndiye anayeshughulikia mitambo ya kanisa. Hilo nalo nilikuwa nimelisahau!

"Hata programu yangu iko hapa," akasema kwa upole. "Na ile shida ya saa nimerekebisha."

Mutongoi akapewa nyeupe. Akatoa farasi. Akamrudisha. Akamtoa tena. Programu ya Ndanu ikamla farasi, ikamla malkia. Na kila kipande changu kilipoliwa, mama yangu, aliyekaa mbele kabisa, alisimama akapiga vigelegele. "Mwana wakwa! Mwanangu! Maliza yeye!" Kina mama wenzake wakamfuata. Ukutani naliwa mzima mzima, na kanisa linashangilia kama harusini. Nikaomba stima ipotee. Niliomba kwa imani kabisa. Haikuyumba hata kidogo.

Mfalme wangu alipofungwa, mama alikuja mbele akicheza, mikono wazi.

"Mama, keti."

"Nikae na umeshinda?"

"Mimi ni hizo nyeupe, mama."

Akatazama ukuta. Akanitazama. "Kwani vigelegele yote nimepigia Ndanu?"

Na maikrofoni bado ninayo mkononi! Kanisa zima likaangua kicheko, pasta akajifuta machozi. Nikacheka pia, na kusema kweli nilijisikia mwepesi. Ule ushindi wa jana ulikuwa unanibana.

Mwalimu ni Ndanu. Pasta ametangaza papo hapo, na amina safari hii hazikuhesabika. Baada ya ibada Ndanu akanijia. "Mutongoi si mbaya," akasema. "Inacheza haraka kwa vile haifikirii. Kuja darasani nikuonyeshe."

Nimejiandikisha wa kwanza. Mkitaka kunicheka, chekeni polepole. Mwalimu amesema hataki kelele.